Kamera ya Mtego kwa Paa Nunga: Namna ya Kuichagua kwa Gharama Ndogo na Kuiweka Ipasavyo

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali, masheha, kamati za uhifadhi za shehia na wakaazi wa vijiji vinavyopakana na misitu

Paa nunga anajulikana kwa jina na kila mkaazi wa Unguja, lakini waliomuona kwa macho yao ni wachache. Ni mnyama mdogo, mwenye kimo cha sentimita 30 hivi begani na uzito usiozidi sana kilo 12. Makaazi yake ni vichaka na misitu ya maweni, na husikia hatua ya mtu kabla mtu hajamuona yeye. Tangu mwaka 1918 wataalamu wa dunia humwita kwa jina la Dokta Aders, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya viumbe katika serikali ya Zanzibar ya wakati huo. Nje ya Zanzibar anajulikana hasa katika misitu michache ya mwambao wa Kenya. Kwa hivyo, akitoweka hapa, sehemu muhimu ya amana ya dunia itakuwa imepotea mikononi mwa wakaazi wa kisiwa hiki.

Pamoja na hayo, suala la kuwa paa huyu bado yupo katika msitu wa shehia fulani, na kama anazidi au anapungua, mara nyingi hujibiwa kwa dhana. Mmoja husema wamekwisha, mwengine husema wamejaa tele, na wote wawili husema kweli kwa kadiri ya walivyoona. Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996, ilifungua njia ya mikataba ya usimamizi wa misitu baina ya Serikali na jamii. Mikataba ya namna hiyo huwataka wanakijiji wakubaliane wapi pakatwe kuni, wapi palimwe na wapi paachwe. Makubaliano hayo yakijengwa juu ya dhana, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda, na huenda msitu ukafungwa pasipo na paa na ukafunguliwa pale alipo.

Kamera ya mtego ni njia mojawapo ya kupata yakini. Huitwa ya mtego kwa kuwa humvizia mnyama njiani, lakini haimnasi mnyama mwenyewe, hunasa sura yake tu. Kamera hizo sasa zinapatikana kwa bei isiyofika dola 100 za Kimarekani, wakati zile za wataalamu huuzwa kwa bei iliyo mara kadhaa ya hiyo. Jambo kuu linalokusudiwa katika mazungumzo haya ni kuwa kamera ya bei nafuu inaweza kutoa ushahidi wa kutosha kuhusu paa nunga, kwa sharti kwamba mwenye kuiweka afuate kimo na mwendo wa paa, na asifuate maandishi ya boksi lake.

ASILI YA KAMERA HIZI NA SABABU YA TAHADHARI

Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani aitwaye George Shiras alianza kuwapiga picha wanyama wa usiku katika jimbo la Michigan. Alitandaza waya njiani, na mnyama alipougusa, taa ya kumweka iliwaka na kamera ikapiga. Picha zake zilizochapishwa katika gazeti la National Geographic la Julai 1906 ziliwashangaza wasomaji, kwani wengi hawakuwahi kumuona mnyama wa porini katika hali yake ya kawaida wakati wa usiku. Miongoni mwa wanyama aliowapenda zaidi ni ayala wa Marekani, mnyama wa kwato mwenye pembe za matawi.

Tokea hapo ayala ndiye aliyeendelea kuwa sababu kubwa ya kamera hizi kutengenezwa. Wawindaji wa Marekani hununua kamera nyingi kila mwaka ili wajue ayala hupita wapi na saa ngapi. Wingi huo wa wanunuzi ndio ulioshusha bei hata kamera zikaweza kufika katika mikono ya kamati ya kijiji. Lakini kitabu cha maelekezo kiliandikwa kwa ajili ya mnyama huyo. Ayala wa huko husimama karibu mita moja begani na hupita katika msitu ulio wazi. Kwa hivyo kitabu humwambia mnunuzi aifunge kamera usawa wa kiuno cha mtu na kuielekeza masafa ya mita 10 au zaidi. Mwenye kufanya hivyo katika maweni ya kusini Unguja atapata picha nzuri za matawi, na paa nunga atapita chini ya jicho la kamera bila ya kuonekana.

KAMERA INAVYOFANYA KAZI

Ndani ya kamera mna kihisio kinachopokea joto. Kihisio hicho hakimuoni mnyama. Kinachokiamsha ni tofauti ya joto baina ya kitu kinachopita na mazingira yaliyo nyuma yake. Mambo mawili hutokana na hali hiyo, na yote mawili yana uzito katika nchi ya joto.

La kwanza ni kuwa wakati wa jua kali, hasa katika miezi ya Januari hadi Machi, joto la mawe na majani hukaribiana na joto la ngozi ya mnyama. Wakati huo kihisio huwa kizito na mnyama anaweza kupita pasipo kupigwa picha. La pili ni kuwa jani lililochomwa na jua likitikiswa na upepo huweza kukidanganya kihisio kikadhani ni kiumbe. Hiyo ndiyo sababu ya kadi kujaa maelfu ya picha zisizo na kitu. Dawa ya matatizo hayo mawili ni kivuli, kwani kivulini mawe hayapati moto sana na majani hayachomwi.

NAMNA YA KUCHAGUA

Inafaa mnunuzi azingatie mambo yafuatayo kabla ya kutoa fedha, ziwe zake au za umma.

1. Wepesi wa kupiga. Kila kamera ina muda unaopita baina ya kihisio kuamka na picha kupigwa. Zilizo nzuri huchukua sekunde 0.2 au 0.3, na nyingi za bei nafuu hukaribia sekunde moja. Itafutwe isiyozidi nusu sekunde. Hata hivyo, inayochelewa kidogo inaweza kusaidiwa na namna ya kuiweka, kama itakavyoelezwa.

2. Taa ya usiku. Zipo za aina tatu. Taa nyeupe hutoa picha za rangi lakini humshtua mnyama na kumjuulisha mpita njia mahali kamera ilipo. Ya pili huonesha wekundu hafifu inapowaka. Ya tatu haionekani kabisa kwa jicho la mtu, ingawa mwanga wake haufiki mbali. Kwa paa nunga masafa ya mita 5 yanatosha, kwa hivyo udhaifu wa aina hiyo ya tatu hauna madhara, na ndiyo inayofaa zaidi.

3. Idadi ya pikseli. Tarakimu kubwa zinazoandikwa juu ya boksi zisimshawishi mnunuzi. Katika kamera nyingi za bei nafuu tarakimu hizo hupatikana kwa kuivuta picha ndogo iwe kubwa ndani ya mashine, na hazizidishi lolote linaloonekana isipokuwa kujaza kadi upesi. Dalili ya kuaminika ni picha yenyewe.

4. Uonaji wa karibu. Baadhi ya kamera hizi zimetengenezwa kuona mbali, na kitu kilicho chini ya mita 2 huwa na ukungu. Ukurasa wa gazeti ubandikwe ukutani na kamera iwekwe mita 3 kutoka hapo. Vichwa vya habari vikisomeka vizuri katika picha, kamera inafaa.

5. Mpira wa kuziba maji. Mlango wa kamera uwe na mpira mzima unaozunguka pande zote. Masika ya Machi hadi Mei na hewa ya chumvi ni maadui wakubwa kuliko mwizi.

6. Betri. Ichaguliwe inayotumia betri ndogo za AA zinazopatikana madukani. Betri za kuchaji hupunguza gharama kwa muda mrefu, lakini nguvu yake ni volti 1.2 wakati ile ya kawaida ni volti 1.5, na kamera nyengine hukataa kuwasha taa ya usiku kwa nguvu hiyo ndogo. Ni lazima zijaribiwe kwanza. Betri mpya na kuukuu zisichanganywe katika kamera moja.

7. Kioo kidogo cha kutazamia. Kamera yenye kioo ndani humuonesha anayeiweka kile ambacho itakiona. Jambo hilo huokoa safari nyingi.

Kamera zinazopeleka picha kwa mtandao wa simu hazipendekezwi kwa wanaoanza. Bei yake ni kubwa, hula betri na malipo ya laini, na ndani ya msitu mawimbi ya simu huwa hafifu.

Aidha, ikumbukwe kuwa bei ya kamera ni sehemu tu ya gharama. Kila kamera inahitaji kadi mbili za kumbukumbu, ili moja itolewe na nyengine ibaki kazini, pamoja na betri za akiba, mnyororo na kufuli, na nauli ya anayekwenda kuikagua. Kamati yenye fedha za kamera sita ni bora inunue nne na kuzitimizia vifaa vyake. Kamera zote ziwe za aina moja, kwani aina tofauti huona kwa nguvu tofauti, na matokeo yake hayalinganishiki. Na kabla ya kununua nne, inunuliwe moja ijaribiwe.

JARIBIO LA UANI

Jaribio hilo halihitaji msitu. Mwana wa mbuzi hukaribiana kwa umbo na paa nunga. Kamera ifungwe uani usawa wa goti, na mbuzi apitishwe mbele yake masafa ya mita 2, mita 3 na mita 5, mchana na usiku, mara kumi kwa kila masafa. Kisha picha zihesabiwe. Kamera iliyomkosa mbuzi mara nyingi katika mita 3 haitampata paa, na irejeshwe dukani wakati muda wa kurejesha haujapita.

NAMNA YA KUWEKA

Mahali. Paa nunga hula majani, maua na matunda yaliyoanguka, na mara nyingi hufuata walipo kima, kwa kuwa kima huangusha mengi kuliko wanayokula. Njia nyembamba zenye alama za kwato, kinyesi kibichi, na ardhi iliyo chini ya mikuyu na mizambarau wakati wa matunda ni mahali pazuri. Wazee waliowahi kusasi wana ujuzi wa njia hizo kuliko mtaalamu yeyote, na inafaa waulizwe kwa heshima. Chambo hakifai kutumika, kwani humvuta mnyama kutoka kwengine na kuharibu hesabu.

Kimo. Kamera iwe baina ya sentimita 30 na 45 kutoka ardhini, na jicho lake liwe sambamba na ardhi. Pale ardhi inapoinama, kamera nayo iinamishwe kwa kiasi hicho hicho.

Masafa. Kamera iwe mita 3 hivi kutoka njiani, na hesabu yake ni hii. Kamera nyingi huona upana wa nyuzi 50 hivi. Kwa upana huo, kamera iliyo mita 1 kutoka njiani huona urefu wa njia usiofika mita moja, na paa anayetembea kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde huwa amekwishapita kabla ya picha kupigwa. Katika mita 3 huona karibu mita 2.8 za njia, na paa huyo huyo hukaa mbele ya kamera kwa muda unaokaribia sekunde 3. Hivyo kamera yenye kuchelewa sekunde nzima bado itampata. Hii ndiyo maana ya kusema kuwa mita mbili za ziada, zisizogharimu hata senti moja, hufanya kazi ambayo mwengine angeilipia mamia ya dola.

Pembe. Kamera isiielekee njia kwa kuikata katikati, wala isitazame moja kwa moja kando ya njia. Ikilala kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, mnyama huonekana kwa muda mrefu zaidi, ubavu wake huonekana, na kihisio humtambua kwa urahisi.

Mwelekeo wa jua. Kamera itazame kaskazini au kusini. Inayotazama mashariki hupofushwa na jua la asubuhi, na inayotazama magharibi hupofushwa na jua la jioni.

Mahali pa kufungia. Mti mwembamba ukitikiswa na upepo, kamera huona msitu mzima ukitembea. Katika maweni miti minene ni adimu, kwa hivyo gongo kavu likazwe baina ya mawe na kamera ifungwe hapo. Misumari isipigwe katika mti ulio hai. Mti wenye viota vya majimoto uepukwe, kwa maslahi ya kamera na ya anayeifunga.

Usafi wa mbele. Majani na nyasi zilizo katika mita 3 za mwanzo ziondolewe kwa mkono, na ziondolewe zile tu zinazoziba jicho la kamera. Kufyeka uwanja humfanya paa abadilishe njia, na humjuulisha kila mpitaji kuwa hapo pana kitu.

Matayarisho ya ndani. Kamera ipangwe kupiga picha tatu mfululizo kila inapoamka, na ukali wa kihisio uwe wa kati. Sinema hula betri na kadi, na iachwe mpaka kuwe na haja maalumu. Kadi isafishwe ndani ya kamera yenyewe kabla ya kuanza. Ikiwa picha za usiku zinatoka nyeupe mno kwa sababu mnyama yu karibu, kipande cha utepe usiopitisha mwanga vizuri kibandikwe juu ya sehemu ya taa.

Saa na tarehe. Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea. Kamera huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, na mkaazi wa hapa huhesabu kuanzia alfajiri. Saa 2 asubuhi katika kamera ni 08:00, na saa 2 usiku ni 20:00. Anayeandika daftari na anayeitayarisha kamera wakubaliane kuandika kwa namna moja, vyenginevyo paa wa asubuhi ataandikwa kuwa ni paa wa usiku.

Jaribio la mwisho. Kabla ya kuondoka, mtu apite mbele ya kamera kwa kutambaa, kimo cha paa, huku na huku mara tatu. Kisha ashike mbele ya kamera kibao kilichoandikwa namba ya kamera, jina la mahali na tarehe. Picha ya kibao hicho itakuwa ndiyo ya kwanza katika kadi, na itaondoa ubishi wote wa baadaye kuhusu picha zilitoka wapi.

UKAGUZI NA DAFTARI

Kamera ikaguliwe baada ya wiki moja, ili makosa ya mwanzo yarekebishwe, na baada ya hapo kila wiki tatu au nne. Safari za mara kwa mara huacha harufu ya watu na kufungua njia. Kila ukaguzi uangalie mpira wa mlango kama hauna mchanga, jicho kama halina utando wa buibui, na ndani kama hamna sisimizi. Wakati wa mvua mlango usifunguliwe kwa mikono yenye maji, na vipakiti vya kunyonya unyevu vibadilishwe.

Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na picha nazo ni mali. Daftari lioneshe namba ya kamera, mahali, kimo, mwelekeo, siku iliyowekwa, siku iliyotolewa, na jina la aliyeiweka. Aidha, lioneshe siku ambazo kamera ilikuwa imezimika. Kamera iliyofanya kazi siku 12 katika mwezi isihesabiwe siku 30.

KUHESABU PASIPO KUJIDANGANYA

Unguja ina paa wa aina tatu, na picha ni lazima zitenganishwe. Paa nunga ana rangi nyekundu ya kahawia, mkanda mweupe nyuma ya mapaja, na madoa meupe miguuni. Chesi ni mdogo zaidi na rangi yake huelekea kijivu. Wa tatu ni paa mdogo ambaye wataalamu humwita suni, mwembamba wa miguu, asiye na mkanda huo mweupe. Picha yenye shaka iandikwe kuwa ni ya shaka. Hakuna aibu katika kuandika hivyo.

Paa kumi katika picha kumi huenda wakawa ni paa mmoja aliyepita mara kumi. Chui hutambulikana kwa madoa yake mmoja mmoja, lakini paa nunga hana alama za kumtenga na mwenzake. Kwa hivyo picha za aina moja ya mnyama zilizopigwa na kamera moja ndani ya saa moja huhesabiwa kuwa ni tukio moja. Kisha matukio hulinganishwa na siku za kazi. Kamera 4 zilizofanya kazi siku 30 kila moja ni siku 120 za kamera. Zikitoa matukio 18, hiyo ni sawa na matukio 15 kwa kila siku 100. Tarakimu hiyo haisemi paa ni wangapi. Faida yake ni kuwa ikipimwa kwa namna ile ile, mahali pale pale na msimu ule ule mwaka unaofuata, itaonesha kama hali inapanda au inashuka, na kwa uamuzi wa kijiji hilo latosha.

Thamani ya kazi ya namna hii imeonekana. Mwaka 2003 kamera za mtego ziliwekwa katika msitu wa Jozani, na kwa mara ya kwanza zikatoa picha za kanu wa Zanzibar akiwa hai, mnyama ambaye elimu ilikuwa haijamtambua kwa jina mpaka mwaka 1998. Huko Kenya, kamera zilizowekwa katika misitu ya Boni na Dodori zilionesha kuwa paa nunga yumo kwa wingi ambao haukutarajiwa, na matokeo hayo yakatangazwa mwaka 2011. Kabla ya hapo ilidhaniwa kuwa nchini humo amebaki kidogo sana.

Upo pia mfano wa upande wa pili. Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilitangaza kuwa kamera iliyowekwa Unguja imenasa sura ya chui. Habari ilienea haraka, lakini sura moja ya muda mfupi haikutosha kuumaliza mjadala. Picha hupata nguvu inaporudiwa na inapokuwa na kumbukumbu kamili.

KAMERA NA WATU

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi. Njia za paa mara nyingi ni njia za watu. Kamera itawaona wanawake wanaotafuta kuni, watoto wanaotoka skuli, na wanaume waliokwenda kwa shughuli zao. Mkaazi anayegundua kuwa amepigwa picha bila ya kujua ana haki ya kukasirika, na kamera iliyowekwa kwa siri haidumu muda mrefu.

Kwa hivyo inapendekezwa kwamba kamera isiwekwe kabla ya sheha na kamati ya shehia kuarifiwa na wananchi kuelezwa katika mkutano wa wazi. Ndani ya hifadhi ya Serikali, kibali kipatikane kwanza kwa idara yenye dhamana ya misitu. Kila kamera ibandikwe karatasi ya maandishi ya Kiswahili inayosema ni ya nani, ni ya kazi gani, na nani aulizwe. Picha za watu zifutwe na mtu mmoja aliyekubaliwa na kamati, mbele ya mjumbe mwengine, na zisisambazwe katika simu. Kamera ya kuhesabu wanyama na kamera ya ulinzi ni vitu viwili. Zikichanganywa, wananchi hawatajua tena wanaangaliwa kwa ajili ya nini, na mashirikiano yatavunjika. Msitu usio na mashirikiano ya wakaazi wake haulindiki kwa kamera, hata ziwe mia.

Upande wa pili wa amana hiyo ni paa mwenyewe. Picha nzuri ya paa nunga humfurahisha kila mtu, lakini ikitajwa pamoja na jina la kichaka chake huwa ni maelekezo kwa mwenye mbwa na nyavu. Picha zilizopigwa kwa simu huweza kubeba ndani yake alama ya mahali zilipopigwa, hata pasipo kuandikwa neno. Kwa hivyo matokeo yatangazwe kwa jina la shehia au la msitu mzima, na mahali hasa pabaki katika daftari la kamati.

Ndugu watumishi, ndugu wananchi,

Inahimizwa kwamba kamati zinazokusudia kuanza kazi hii zianze na kamera moja, uani, kwa mwana wa mbuzi, na baada ya hapo ndipo zielekee msituni. Kazi yenyewe haitaki elimu kubwa. Inataka mtu anayejali sentimita, anayeandika tarehe kwa usahihi, na anayeaminiwa na majirani zake. Mwenye sifa hizo, na kamera ya bei nafuu mkononi, ataweza kusimama katika mkutano wa kijiji chake siku ya kuamua wapi pakatwe na wapi paachwe, na kusema kwa yakini kuwa paa yupo hapa, na ushahidi wake ni huu.